Bonyeo la Perunika

Stamat alikufa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemwambia mlangoni, "Usinirudie na masharubu hayo," na kweli hakunirudia. Waliponiita nilimkuta bado amefunikwa kile kitambaa cheupe, na kinyozi mwenyewe amekaa kwenye benchi la wateja.

"Malizia," nilimwambia.

"Nimalizie nini, mama?"

"Kichwa. Utanipaje mtu nusu?"

Akamalizia. Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia kama mstari wa shingoni umenyooka. Baadaye mtaani walisema Despina ana roho ya chuma. Waseme. Midomo ni yao.

Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kikosi cha puti na rangi, kwenye karakana za meli hapa Varna, na kumi na miwili ya mwisho nilikuwa kiongozi wa kikosi: wanawake tisa, ndoo, misasa, na matusi ya kutosha nchi nzima. Mafundi wa chuma wakishamaliza kugonga na kuchomelea, sisi ndio tulipanda jukwaa. Palipobonyea tulijaza, palipovimba tulisugua, mpaka ubavu wa meli ukakubali soksi ya nailoni. Sisemi kwa kupamba. Tulivaa kweli soksi ndefu kuukuu mkononi, tukaupitisha mkono juu ya chuma. Soksi ikinasa, unarudia. Mkono uliolelewa hivyo ukikuta shimo hauombi ruhusa. Niliwahi kuziba tundu kwenye ukuta wa hospitali kwa chingamu, nikisubiri kuitwa na daktari.

Tangu Mei mikono iliendelea na kazi zake, lakini mimi sikuwepo. Sikulia kanisani, sikulia makaburini, sikulia siku ya arobaini nilipogawa ngano ya kuchemsha kwa majirani na wao wakaila wakifuta macho. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilingoja zile sindano za damu inaporudi. Hazikuja.

Binti yetu Zlatina, anayeishi Plovdiv na mumewe, alinipigia simu kila Jumapili.

"Mama, umelia?"

"Nimepika maharage."

"Sikuulizi habari za maharage."

"Basi uliza. Yameiva vizuri."

Akawa analia yeye, upande wa pili wa simu, nami namsubiri amalize. Kama kulikuwa na kitu kilichonitisha miezi ile, ni hicho: kwamba nitabaki hivi hivi hadi niingie kaburini mwenyewe. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na mitano ametoka mlangoni, na mimi hata kope haijalowa.

Mwezi wa Oktoba akaja Yanaki. Yanaki alikuwa fundi injini wa Perunika, tagi ambayo Stamat alishika usukani wake karibu maisha yake yote ya kazi, ile boti fupi nene inayokokota meli kubwa kuingia na kutoka bandarini. Walipostaafu walihamia wote wawili kwenye chama cha watengeneza boti za mfano, chumba cha chini ya maktaba, chenye harufu ya gundi na wazee kumi na wanne wanaogombania taa.

"Shemeji," alisema kabla hata hajavua koti, "nimekuletea habari mbaya na keki."

"Anza na keki."

Tukala keki. Ilikuwa kavu. Mkewe hajawahi kujua kuoka, na hilo halikuwa habari.

"Ni ile boti ya Stamat," akasema. "Unajua desturi ya chama. Mwenzetu akifa akaacha boti haijaisha, tunasubiri mpaka sikukuu ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia, tarehe sita Desemba. Mtu wa nyumbani kwake akiimaliza, inawekwa mezani siku hiyo na jina la marehemu. Asipoimaliza, tunaigawana. Huyu mlingoti, yule nanga. Ili visioze kabatini."

"Kama mbuzi."

"Kama mbuzi, ndiyo. Sasa Velko ameshaanza kuulizia winchi."

Velko ni mwenyekiti wao. Alikuwa afisa wa forodha, na mpaka leo anakagua boti za wenzake kwa kioo cha kukuzia kana kwamba zimeficha sigara.

"Mwambie Velko akaulizie winchi kwa mama yake," nikasema. "Nitaimaliza mimi."

Yanaki alicheka, akanitazama, akaacha kucheka.

"Shemeji, ile si meli ya tani elfu kumi. Ni plastiki. Ina urefu wa mkono wako."

"Kwani plastiki haina mashimo?"

Alipoondoka nilifungua chumba kidogo cha upande wa ua, ambacho sikukifungua tangu Mei. Boti ilikuwa palepale mezani, chini ya taulo la jikoni. Ilikuwa Perunika. Stamat alinunua boksi la vipande vya kuunganisha tagi ya aina nyingine, ya kigeni, akaikatakata na kuiongeza mpaka ikawa yao: bomba la moshi fupi, chumba cha usukani chenye dirisha moja la mviringo upande wa nyuma, matairi kuzunguka ubavu wote. Vipande viwili vya mwili alikuwa ameshavigundisha pamoja, na sitaha ameshaifunika juu. Rangi bado. Puti bado. Alikuwa amefika mahali ambapo kazi yangu huanzia.

Hilo nililiona na sikuhisi kitu. Lakini nilijiambia, na nilisema kwa sauti ili nisikie: hii ndiyo kazi ya mwisho tuliyo nayo pamoja, wewe na mimi, na itatoka kama ungeitoa wewe. Isipotoka hivyo, basi tena. Sina nyingine.

Nikavaa soksi mkononi.

Lilikuwa boksi la bei ya chini, limetoka kwenye kalibu iliyochoka. Mshono wa chini ulikuwa umepanda, upande mmoja juu ya mwingine, unene wa kucha. Penye plastiki nene palikuwa pamezama vishimo vinavyoonekana ukiinamisha boti dirishani tu. Kwenye kuta za chumba cha usukani yalikuwepo yale maduara madogo yanayoachwa na pini za mashine, na puto moja la hewa nyuma ya bomba, tupu ndani, lililopasuka nilipoligusa na sindano. Niliyazungushia yote penseli. Nilipomaliza, boti ilikuwa na madoa mwili mzima kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Ubavuni kushoto, karibu na omo, pua ya boti, nilikuta baya kuliko yote. Bonyeo la upana wa ukucha wa kidole gumba, tena lenye kina. Nikaguna. Kiwanda gani hiki? Nikalizungushia penseli mara mbili.

Kwenye sanduku lake la vifaa kulikuwa na kijiko cha chai. Kijiko changu, cha seti ya harusi, ambacho nilikitafuta masika yote na yeye akinisaidia kukitafuta, mnafiki yule, mpaka chini ya jiko. Tumbo la kijiko lilikuwa jeusi kwa moshi. "Umekoroga nini na hiki?" nikamuuliza. Nikaenda jikoni nikakisugua kwa steliwaya hadi kikang'aa, nikakirudisha na wenzake kwenye droo. Sasa viko sita.

Puti ilikuwepo ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ya dukani, ya kwenye tyubu, ambayo ukijuta unaikwangua na msumari. Ya pili ilikuwa kwenye chupa ya haradali, ameitengeneza mwenyewe. Alikata vile vijiti vinavyoshikilia vipande vya boti boksini, akavitia ndani ya asetoni vikalegea vikawa uji mzito. Ukiupaka uji ule unaiuma plastiki ya chini na kushikana nayo. Ukishakauka hakuna tena puti na boti, ni mwili mmoja. Nikachukua chupa ya haradali. Puti ya dukani niliona ni ya watu wanaopanga kubadili mawazo.

Novemba nzima nilifanya kazi asubuhi, mwanga unapoingia kutoka uani. Tabaka jembamba, siku moja ya kukauka. Tabaka jingine. Ukipaka nene, juu panakauka na chini bado bichi, na baada ya wiki panazama tena na kukucheka. Halafu msasa, na maji, na tone la sabuni ya vyombo, mkono unazunguka, haukandamizi. Wasichana wapya kazini niliwaambia, sugua kana kwamba unampaka mtoto mafuta. Bonyeo la kushoto lilikula tabaka tatu. La mwisho lilikauka, nikalisugua, nikafunga macho, nikapitisha soksi. Soksi ikateleza moja kwa moja hadi omo bila kunasa. Nilijua ni kazi nzuri. Nilijua tu, kama unavyojua leo ni Alhamisi.

Katikati ya mwezi ikafika nusu mwaka, na nikaenda kuchapisha tangazo lake. Hapa kwetu mtu akifa picha yake hubandikwa kwenye mlango wa jengo, na hubandikwa tena siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, kila mtu anaingia na kutoka chini ya macho yake. Nilibandika karatasi mpya juu ya ile ya arobaini. Chini yake kukabaki viputo vya hewa, kimoja shavuni kwake. Nikatoa kadi ya kliniki pochini nikavisukuma mpaka ukingoni, kimoja kimoja, hadi uso wote ukalala.

Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa anapanda na mikoba yake. Akasimama.

"Maskini Despina," akasema. "Unampapasa."

"Naondoa hewa," nikamjibu.

Akapanda ngazi, na lazima alisimulia hadi ghorofa ya nane.

Tarehe mbili Desemba niliipulizia boti rangi ya msingi, ile ya kijivu ambayo haifichi siri. Kila kasoro iliyoyadanganya macho, kijivu kinaitoa hadharani. Niliigeuza dirishani, nikaishusha, nikaiinua, nikaitazama kwa chini. Hakuna kitu. Hata mshono sikujua tena ulipita wapi. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kutoa ubavu kama ule, kwa sababu meli ni kubwa na msimamizi ana haraka. Nikampigia Yanaki aje aone, zimebaki siku nne, rangi nyeusi na nyekundu zinahitaji mbili.

Alikuja kesho yake mchana na kofia yake ya manyoya, akaivua mlangoni kama anaingia kanisani. Aliinama juu ya meza. Alizunguka upande wa kulia, akapiga mluzi.

"Shemeji, umetuua. Velko atameza kioo chake."

Akazunguka upande wa kushoto. Akapitisha kidole karibu na omo. Akarudisha kidole. Akapitisha tena, polepole zaidi, akiwa ameinamisha kichwa kama daktari.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Bonyeo."

"Lile? Nimeliziba. Tabaka tatu. Tafuta kama utaliona." Nakiri nilikuwa na majivuno kidogo.

Yanaki akavuta kiti akakaa, kofia magotini.

"Despina," akasema, na yeye kwa jina langu haniiti, "lile halikuwa la kiwandani. Alilitia mwenyewe."

"Nani?"

"Nani mwingine? Stamat. Machi yote alikuwa nalo. Aliharibu vikopo vya mtindi sijui vingapi akijaribu kwanza, kijiko kwenye moto, kisha anabonyeza, kijiko kwenye moto, anabonyeza. Tulimcheka chama kizima."

Kijiko. Niliangalia mlango wa jikoni.

"Mtu mzima anabonyezaje boti nzima?" nikasema.

"Kwa sababu Perunika alikuwa nalo. Hulikumbuki? Si wewe mwenyewe uliyekuwa unaliziba?"

Hapo nililikumbuka. Lilikuwa la ukubwa wa beseni, kushoto, karibu na omo. Mafundi wa chuma walisema hawakati bamba zima kwa ajili ya beseni, wakatuachia sisi. Na puti haikai kwenye tagi, maana kazi yake ni kusukumana na meli kutwa. Kila baada ya miaka miwili Perunika alirudi karakana bonyeo likiwa wazi, nami nililijaza upya, na kila mara nilimtukana mjinga aliyelisababisha. Stamat alikuwa anasimama chini ya jukwaa na kikopo cha boza, kinywaji chetu kizito cha nafaka, ananiletea, anasikiliza matusi yote, anatabasamu na masharubu yale. Lakini nilikuwa nimeziba maelfu. Kwenye ubavu wa plastiki, lilivyopungua likawa ukucha, halikunijia akilini hata mara moja. Shimo ni shimo. Sikuwahi kuuliza shimo limetoka wapi.

"Alikuambia ilikuwaje?" Yanaki akauliza.

"Upepo wa kaskazini, alisema, wala sikumwuliza. Uliwasukuma kwenye kona ya gati."

"Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Nilikuwa nje navuta sigara, kwa hiyo najua. Tulikuwa tunapita mbele ya karakana. Ninyi mlikuwa mmening'inia kwenye jukwaa ubavuni mwa meli ya nafaka, na wewe umefunga kitambaa chekundu, unamrushia msimamizi wenu madonge ya puti na kumwambia alikozaliwa. Mjinga yule yuko kwenye usukani, wiki ya tatu kazini. Akatoa kichwa dirishani. 'Yanaki,' akasema, 'yule nani?' Nilikuwa sijajibu tukaingia kwenye gati. Mimi sigara niliimeza. Nahodha alitaka kumtosa majini."

Nilichukua taulo la jikoni lililokuwa mezani, nikalikunja mara mbili.

"Alituapisha wote tusikuambie. Kwanza aliona aibu, baadaye akawa anaona raha, kuwa na jambo lake peke yake. Mwaka huu ndio alikuwa amepanga. Siku ya Nikola aiweke mezani, akusimamishe mbele yake, asiseme neno. 'Nione kama ataliona,' alisema. 'Miaka thelathini na sita imepita, ameliziba mara ngapi, na hajawahi kuniuliza limetokana na nini.'"

Nilisikia kila neno. Nikangoja, kama nilivyokuwa nangoja tangu Mei. Hakuna. Niliwaza tu kwamba Yanaki ana uzi umelegea kwenye kola.

"Likwangue," akasema. "Bado lipo chini, si ndiyo? Toa puti, libaki kama alivyoliacha."

"Nimetumia ile ya chupa."

Yeye ni mtu wa chama, akaelewa mara moja. Hakuna chini tena. Kazi ya mikono ya Stamat ya Machi nzima na kazi yangu ya Novemba zilikuwa plastiki moja, na huwezi kumtoa mmoja bila mwingine.

"Basi iache," Yanaki akasema, sauti ya kubembeleza. "Inapendeza hivi. Siku ya Nikola itawashinda wote. Ni boti nzuri kupita zote tulizowahi kuweka."

Ilikuwa nzuri, ni kweli. Na haikuwa yake. Ilikuwa kama meli yoyote niliyoitoa karakana, laini, haina mwenyewe. Ningeiweka vile mezani, wangemsifu, na mimi tu na Yanaki tungejua kwamba neno alilonitunzia miaka thelathini na sita nililisugua kwa msasa.

Nikaenda jikoni. Nikafungua droo, nikahesabu vijiko, vyote vinang'aa, sikujua tena ni kipi. Nikachukua kimoja. Kwenye kabati kulikuwa na mshumaa mwembamba wa nta uliobaki siku ya arobaini. Nikarudi navyo.

"Nionyeshe wapi."

"Shemeji, ukikosea hakuna nyingine. Yeye alijaribu mwezi mzima."

"Wapi, Yanaki?"

Akaweka kidole. Vidole viwili kutoka omo, kimoja chini ya ukingo wa sitaha. Nikawasha mshumaa, nikashika kijiko juu ya moto hadi tumbo lake likawa jeusi, nikaligusisha kwenye ubavu. Rangi ya kijivu ikafoka, harufu mbaya ikapanda. Plastiki ikaanza kulegea chini ya kijiko. Hapo mkono ukakataa. Sijui niseme vipi. Kiwiko kilikaza, vidole vikakaza. Mikono hii haijawahi kubonyeza kitu kizima tangu nizaliwe nayo, na haikutaka kuanza. Kijiko kilikuwa kinapoa.

Nikaweka kidole gumba ndani ya kijiko, kwenye tumbo lile la moto, nikasukuma.

Bonyeo likaingia. Na iliuma. Mungu wangu, iliuma. Iliuma kidoleni, ikapanda mkononi, ikafika kifuani, na ilipofika pale sikujua tena inauma kwa sababu gani. Nilimwona kijana amechungulia dirishani badala ya kuangalia mbele. Nilimwona chini ya jukwaa na kikopo cha boza. Nikalia. Nililia kwa sauti mbaya, ya mnyama, kamasi na mate, kijiko bado mkononi, na maneno niliyokuwa nayasema yalikuwa yale yale ya mlangoni, usinirudie na masharubu hayo, usinirudie na masharubu hayo, mpaka Yanaki akazima mshumaa na kuninyang'anya kijiko.

Maskini hakujua la kufanya. Alikwenda kwenye friji yangu, akarudi na bakuli la mtindi, akanishika kidole akakitia chote ndani, kama alivyofanyiwa na mama yake utotoni. Tukakaa hivyo. Mimi nalia, yeye ameshika bakuli.

"Si lenyewe hasa," alisema baadaye, akitazama boti. "Lake lilikuwa dogo zaidi. Hili limepinda."

"Najua," nikasema.

Jumapili Zlatina alipopiga simu sikuweza kumjibu kuhusu maharage, wala kuhusu kitu chochote, na safari hii yeye ndiye aliyesubiri nimalize. Lakini hiyo ilikuwa baada ya sikukuu.

Sikukuu yenyewe iliangukia Ijumaa. Mji mzima ulinuka samaki wa kuoka na kokwa za jozi, mlo wa siku hiyo. Perunika alikaa kwenye meza ndefu chini ya maktaba, mweusi na mwekundu, winchi yake juu yake, na kadi yenye jina la Stamat. Nilisimama kando yake na kidole kimefungwa bendeji. Velko alifika na kioo chake. Alikagua mshono, akatikisa kichwa kwa kusifu. Alikagua chumba cha usukani, akasifu tena. Akafika ubavu wa kushoto, akasimama, akasogeza kioo, akasogeza pua.

"Mama Despina," akasema kwa upole, maana nilikuwa mjane na watu walikuwa wanasikia, "kazi ni safi sana. Ila hapa mmesahau puti. Pamebonyea."

"Hatujasahau," nikamwambia. "Hapo ndipo mume wangu aliponiona."